Kuhifadhi Si Kuonyesha: Filamu za Kutisha na Kumbukumbu za Ufuo wa Ziwa

Mwaka 1981 ilitoka filamu iliyopigwa hapa Kenya, The Rise and Fall of Idi Amin, chini ya uongozaji wa Sharad Patel. Aliyecheza Amin alikuwa Joseph Olita, mwana wa Siaya, kaunti jirani na Kisumu, na alifanana na dikteta huyo kiasi kwamba miaka kumi baadaye Mira Nair alimpa nafasi hiyo hiyo katika Mississippi Masala. Filamu ya Patel inajitambulisha kuwa historia, lakini imejengwa kwa mbinu zote za filamu za kutisha: vichwa vya watu vimehifadhiwa ndani ya jokofu, damu inamwagika bila kificho, na rais anaonekana akionja nyama ya maiti. Olita alifariki mwaka 2014. Anayetaka kuitazama kazi yake leo kwa kawaida huikuta mtandaoni, katika nakala zilizotolewa kwenye kanda kuukuu, rangi zimefifia na sauti inakwaruza, zimepakiwa na watu wasio na wajibu wowote wa kuzitunza. Mpakiaji akifunga akaunti yake, nakala hiyo imekwenda. Makala haya yanatetea jambo moja: filamu za namna hii, zile za kuogofya, za kuudhi, hata zilizopigwa marufuku, zinastahili hifadhi rasmi ya mtandaoni inayosimamiwa kwa kanuni, na watu wa ufuo wa Ziwa Victoria wana sababu zao za kuidai.

Kwa msomaji wa Kisumu, Amin hakuwa habari ya ng'ambo. Mji huu ulikuwa ndani ya Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipouhamisha Mkoa wa Mashariki wa nchi hiyo na kuuweka chini ya himaya iliyokuja kuwa Kenya. Februari 1976 Amin aliufufua mpaka huo wa kale na kudai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, hadi karibu na Nairobi, ilikuwa mali ya Uganda. Aliyeishi Kisumu au Busia wakati huo alijua kwamba ardhi inayozungumziwa ni ile aliyosimama juu yake. Filamu ilitoka miaka miwili tu baada ya Amin kung'olewa Aprili 1979, hofu ikiwa bado mbichi, na ndiyo maana ni ushahidi wa aina ya pekee. Ndani yake Denis Hills, Mwingereza ambaye utawala wa Amin ulimhukumu kifo mwaka 1975 kwa sababu ya mswada wa kitabu uliomkashifu rais, anaigiza nafasi yake mwenyewe. Shahidi halisi anatokea katika filamu ile ile inayoonyesha ulaji wa watu, tuhuma ambayo haijawahi kuthibitishwa. Makadirio yanayotajwa sana yanasema watu wapatao 300,000 waliuawa katika utawala ule, wengi wao mikononi mwa askari na majasusi, katika vyumba ambavyo kamera haikufika. Hata hivyo wengi wanaomkumbuka Amin wanakumbuka kwanza jokofu. Anayetaka kueleza jinsi uvumi ulivyozifunika jinai zilizothibitika atahitaji kuitazama filamu yenyewe, fremu kwa fremu. Muhtasari wa kitabuni hautamsaidia.

Historia ya dunia inaonyesha kwamba waamuzi wa kilicho kibaya hubadilika haraka kuliko filamu wanazozihukumu. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote za Nosferatu, filamu ya F. W. Murnau ya mwaka 1922, ziharibiwe, kwa sababu ilichukua hadithi ya Dracula bila idhini ya mjane wa Bram Stoker. Mjane alikuwa na haki kisheria. Amri ingetekelezwa kikamilifu, hata hivyo, dunia ingepoteza mojawapo ya filamu zinazofundishwa zaidi katika vyuo vya sinema. Iliponea kwa sababu nakala chache zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka. Nchini Uingereza The Texas Chain Saw Massacre ilinyimwa cheti na bodi ya filamu mwaka 1975, na mwaka 1999 bodi ile ile ikaipitisha bila kukata hata kipande. Katikati ya miaka hiyo, mapema katika muongo wa 1980, waendesha mashtaka wa Uingereza walitunga orodha iliyofikia filamu 72 za kanda za video walizoziona kuwa chafu, na 39 kati yake zikapatikana na hatia mahakamani. Orodha iliyokusudiwa kuzizika ikageuka mwongozo wa wakusanyaji, na nyingi kati ya filamu hizo sasa zinauzwa madukani kihalali. Katika kila mfano, hukumu ya kwanza ilitolewa na watu waliodhani wanaamua kwa niaba ya vizazi vyote, kumbe walikuwa wanaamulia muongo wao.

Kenya ina mfululizo wake. Serikali ya kikoloni ilianza kudhibiti sinema kwa sheria tangu 1912, na udhibiti huo ulikwenda pamoja na dhana kwamba Mwafrika hawezi kutazama anachotazama Mzungu bila kupotoka. Uhuru ulipokuja tulirithi Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ambayo ingali inatumika pamoja na marekebisho yake. Chini ya sheria hiyo Bodi ya Uainishaji wa Filamu, inayofahamika zaidi kama KFCB, ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street Januari 2014, na nakala zake zikaendelea kupita mikononi mwa wachuuzi wa diski. Aprili 2018 ikapiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika ratiba rasmi ya tamasha la Cannes. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku 7, kumbi zikafurika, kisha marufuku ikarudi. Hizo hazikuwa filamu za kutisha, lakini zinaonyesha hali ya amri hizi: filamu moja inaweza kuwa haramu Alhamisi, halali Jumapili, na haramu tena wiki inayofuata. Kitu chenye hukumu inayoyumba namna hiyo hakifai kuangamizwa kwa msingi wa hukumu ya siku moja. Bodi inaweza kukosea na kujirekebisha, au kushindwa mahakamani, almradi filamu yenyewe bado ipo.

Pamoja na hayo, adui mkubwa wa filamu katika kanda hii hajawahi kuwa bodi. Adui ni uzembe, joto na unyevu. Kanda ya VHS ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku kwa gundi. Gundi hiyo hunyonya maji ya hewani, utepe ukanata, na kuvu ikaota kingoni. Hewa ya ufuoni, kutoka Port Victoria hadi Sori, inaharakisha hayo yote. Hata kanda iliyosalimika inahitaji deki ya kuichezea, na kampuni ya mwisho iliyojulikana kuunda deki hizo, Funai ya Japani, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilikuwa imeonya mwaka mmoja kabla kwamba kanda za sumaku ambazo hazitakuwa zimenakiliwa kidijitali kufikia 2025 huenda zikapotea milele. Mwaka huo umekwisha kupita. Wala teknolojia mpya haitoi dhamana yenyewe. Nchini Uganda, Nabwana I.G.G. wa Wakaliga alipomaliza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 alilazimika kuifuta filamu asilia kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Nakala tuliyonayo ni ile yenye sauti ya mfasiri wa kibanda cha video juu yake, na imepata mamilioni ya watazamaji mtandaoni. Hakuna afisa yeyote aliyeifuta nakala ya kwanza. Ilifutwa na ufinyu wa diski.

Mfano huo unatukumbusha pia kwamba filamu ya kutisha iliyotazamwa katika vibanda vya video vya Manyatta au Nyalenda haikuwa ile ile iliyotoka kiwandani. Kenya ina mfasiri DJ Afro, Tanzania ilikuwa na Lufufu, Uganda ina wafasiri wake. Sauti hizo ziligeuza filamu za Hong Kong na Marekani zikawa hadithi za mtaa, zikaongeza mzaha mahali pa hofu na maonyo mahali pa kimya. Hali kadhalika filamu za Naijeria za ndagu na kafara zilizofuata mkondo wa Living in Bondage ya 1992, na za Tanzania kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilienea kwa kanda na diski za bei nafuu ambazo wasomi wengi walizidharau na maktaba hazikuzinunua. Hizo ndizo zilizowafundisha watazamaji wa Afrika Mashariki namna ya kuogopa mbele ya runinga. Anayetaka kuandika historia ya burudani ya ufuoni miaka hamsini ijayo atapata magazeti, kumbukumbu za bunge na taarifa za bodi. Kile ambacho watu walilipia kiingilio kukitazama ndicho atakachokikosa.

Mfano mgumu kuliko yote ni Africa Addio, filamu ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi iliyotoka mwaka 1966. Ilipigwa Kenya, Tanganyika, Zanzibar, Kongo na kwingineko katika miaka ya mwanzo ya uhuru, kwa mtindo wa kuuza mshtuko chini ya jina la ukweli. Mtazamo wake ni wa kibaguzi: Mwafrika asiye na bwana anaonyeshwa kama mharibifu wa wanyama na wa watu. Mjini Berlin Magharibi wanafunzi wa Kiafrika na wenzao waliipinga hadharani mwaka huo huo, nao walikuwa na haki. Lakini ndani ya filamu hiyo mna picha zilizopigwa kutoka angani Zanzibar, siku chache baada ya mapinduzi ya Januari 1964, zinazoonyesha makaburi ya halaiki na miili ya waliouawa. Hizo ni karibu picha pekee za mwendo zinazojulikana za mauaji ambayo kwa miongo mingi hayakuzungumzwa waziwazi. Mtu mwenye dhamiri anaweza kuuliza: je, marehemu hao hawana heshima? Wazao wao wakutane na maiti za babu zao katika filamu ya kibaguzi? Pingamizi hilo ni zito, na halijibiwi kwa kusema kwamba habari zote ziwe huru. Jibu langu ni kwamba heshima ya wafu inadai maelezo, na maelezo hayawezi kuambatana na kitu kisichokuwapo. Tazama kilichotokea kwa kukosa ulinzi: mwaka 1970 msambazaji wa Kimarekani aliikatakata filamu hiyo, akapunguza hata muktadha mdogo uliokuwamo, akaiuza kwa jina la Africa Blood and Guts. Nakala iliyoachwa sokoni iliishia kuwa damu tupu. Nakala iliyo katika hifadhi nzuri huwa kamili, ina tarehe, mahali, majina ya waliopiga picha na tuhuma zilizowakabili, na hufunguliwa kwa anayetoa sababu.

Ziwa lenyewe limewahi kuwa uwanja wa mzozo kama huo. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka 2004, ilipigwa Mwanza, na ingawa ni filamu ya uhalisia, inatumia giza, funza na ngurumo za ndege za mizigo kama filamu yoyote ya kutisha. Ilionyesha minofu ya sangara ikipelekwa Ulaya na mafuvu na mifupa ya samaki, mapanki, yakibaki kuwa riziki ya maskini, na ikadokeza kwamba ndege zinazokuja kuchukua minofu huleta silaha. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kuwa inaichafua nchi, na kukawa na maandamano Mwanza ya kuipinga. Upande wa Kenya, ambako samaki huyo ni mbuta na mifupa yake ni mgongo wazi unaokaangwa Obunga, mjadala ule ulituhusu moja kwa moja. Huenda Sauper alitia chumvi. Huenda serikali iliona aibu. Vyovyote iwavyo, mvuvi wa Dunga au mama anayekaanga mgongo wazi anastahili kuitazama filamu na kusema hapa amesema kweli, hapa amezidisha. Hawezi kutoa ushahidi dhidi ya kitu anachosimuliwa tu.

Pingamizi linalosikika zaidi linahusu watoto, na pamoja nalo dai kwamba vitisho vya namna hii ni vya kigeni katika utamaduni wetu. La pili halina mashiko. Jamii za ufuo huu zimekuwa na hadithi za kuogofya kabla ya umeme: Apul Apul, zimwi linalomeza watu, Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, kijiji kilichozama usiku mmoja kwa kumnyima bibi kizee hifadhi, nyawawa, pepo wanaopita usiku huku watu wakigonga sufuria na mabati kuwafukuza. La kwanza ni la kweli, na hadithi hizo hizo zinatupa kanuni ya kulijibu. Katika siwindhe, nyumba ya bibi ambamo vijana wa Kiluo walifundishwa jioni, hadithi ya kutisha haikufutwa kwa sababu kuna mtoto. Iliwekwa hadi mtoto afikie umri wake, ikatolewa na mtu aliyejua kuisimulia, na ikafuatwa na maelezo. Hifadhi ya mtandaoni inaweza kufanya vivyo hivyo. Orodha ya filamu na maelezo yake iwe wazi kwa kila mtu. Picha zenyewe zifunguliwe kwa watu wazima waliojiandikisha. Na zile zenye maiti halisi au mateso halisi zitazamwe katika chumba cha maktaba, kwa ombi la utafiti. Na ieleweke wazi kwamba picha za unyanyasaji wa watoto kingono haziingii katika mjadala huu. Hizo ni jinai yenyewe, na mahali pake ni mikononi mwa polisi.

Wenye hakimiliki nao wana neno: je, hifadhi haitakuwa jina jingine la wizi? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inatofautisha mambo haya. Inalinda filamu kwa miaka 50, kwa hiyo iliyotolewa kwanza mwaka 1981 inabaki na mwenyewe hadi mwisho wa 2031, lakini inaruhusu maktaba za umma na vituo vya kumbukumbu visivyo vya biashara kunakili kazi kwa manufaa ya umma, bila kutoza. Kunakili ili kitu kisioze si sawa na kukitandaza bure kwa dunia nzima. Hifadhi inayosubiri muda wa haki uishe, huku ikiwa na nakala safi mkononi, inamfaa hata mwenye mali, kwa sababu mara nyingi ndiye wa kwanza kupoteza kanda yake mwenyewe.

Yupo pia atakayeuliza kwa nini tujisumbue wakati kuna Internet Archive, iliyoanzishwa Marekani na Brewster Kahle mwaka 1996, ambako mtu anaweza kuitazama Night of the Living Dead ya 1968 bila senti, kwa kuwa filamu hiyo ilitolewa bila alama ya hakimiliki na ikaangukia umma. Hazina hiyo ni ya thamani, lakini Oktoba 2024 ilishambuliwa na wadukuzi ikazimika kwa siku kadhaa, na imeshindwa mahakamani na wachapishaji wakubwa wa vitabu. Zaidi ya hayo, mhifadhi wa San Francisco hawezi kujua kwamba sauti iliyo juu ya nakala fulani ni ya mfasiri aliyesikilizwa Kondele, wala hatamjua mwana wa Siaya aliyevaa sare za Amin. Kanuni ya kwanza ya wahifadhi ni nakala nyingi mahali pengi. Ya pili ni kwamba anayekijua kitu ndiye akiandikie maelezo. Dar es Salaam, kundi la Ajabu Ajabu limeonyesha kwamba watu wachache wenye nia wanaweza kufanya kazi hiyo karibu na watazamaji wenyewe, kwa kuheshimu vibanda badala ya kuvidharau.

Kanda hii haihitaji jengo jipya ili kuanza. Ina vyuo vikuu vya Maseno na Jaramogi Oginga Odinga, ina Makumbusho ya Kisumu, ina maktaba ya umma, na ina wanafunzi wa kompyuta wanaotafuta mradi wa kumalizia shahada. Kazi ya awali ni ya kawaida: kutangaza kwamba kanda na diski za zamani zinapokelewa bila kuulizwa zilitoka wapi, kupata deki chache zinazofanya kazi, kunakili, kuandika nani alitengeneza, nani alitafsiri, ilionyeshwa wapi na kwa nini ilikatazwa, kisha kuweka nakala tatu katika miji mitatu. KFCB yenyewe ingekuwa mshirika wa maana, kwa sababu kila uamuzi wake wa kupiga marufuku ni waraka wa historia unaokosa maana usipowekwa pamoja na filamu iliyohukumiwa. Mamlaka ya bodi kuzuia maonyesho yangebaki palepale. Wananchi wangepata uwezo wa kuyakagua. Taifa linaloruhusu filamu zake mbaya zipotee hujikuta limepoteza pia njia ya kuthibitisha kwamba zilikuwa mbaya, na atakayekuja kesho kudai kwamba zilikuwa bora, au kwamba hazikuwahi kuwapo, hatapata wa kumpinga.